Katika Kila Daraja Nilimwita Yesaya

Itaka, Mbozi
4 Agosti 2024

Mdogo wangu Gibson,

Ninakuomba radhi kwa ukimya wa miezi mitano. Barua yako ya mwezi Machi ilinifikia bila kuchelewa kwa mkono wa Imelda, yule mwenye duka pale Mlowo, na niliisoma siku hiyohiyo. Sikujibu. Ningeweza kusingizia macho yangu au msimu wa kahawa, lakini kwa miaka thelathini na sita niliwaambia watoto wa watu kwamba kisingizio ni uongo uliovalishwa nguo safi, nami sitauvaa leo. Palikuwa na jambo ambalo sikujua niliandike vipi. Bado sijui. Litasubiri.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya kutangazia misiba na kuulizia bei. Mtu anayetaka kuelewana na ndugu yake huandika.

Mama anakusalimu. Ana miaka themanini na tisa na moyo wake umechoka, lakini ulimi wake bado ni mzima kabisa. Jana alikaa barazani akitazama kahawa ikianikwa, akaniambia: "Mwandikie huyo dereva wako aniambie, katika nchi zote anazozizungukia, ni ipi anayoipenda hata akairudia kuliko anavyoturudia sisi." Nikamwambia una kazi nyingi. Akasema: "Hata kunguru ana kazi nyingi, na jioni hurudi."

Nami nakuuliza pamoja naye. Miaka minne imepita tangu tulipozika hapa udongo wa kaburi la ndugu yetu Yesaya, ule uliouleta wewe kutoka Zambia. Tangu siku ile hujalala Itaka hata mara moja. Unafika Tunduma kila mwezi. Kutoka Tunduma hadi hapa si safari kwa mtu anayeendesha gari mpaka baharini upande wa pili wa Afrika.

Nina taarifa moja. Kahawa ikishauzwa, nitamwita fundi Jofrey ajenge kaburi la Yesaya kwa saruji, lipate msalaba na jina. Mama amekwisha kuchagua mahali pake mwenyewe, ubavuni mwa mwanawe. Nimeweka vigingi. Nataka uwepo.

Kaka yako,
Anyosisye


Tunduma
19 Agosti 2024

Kaka yangu Mwalimu,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yangu, mwambie kunguru wake yuko kwenye foleni ya malori siku ya tatu leo, na hakuna jioni inayomrudisha mtu kutoka foleni ya Tunduma. Nimeegesha nyuma ya tela la salfa. Nanuka kama kiberiti. Ndiyo maana hata karatasi hii inanuka, usidhani nimeanza kuvuta sigara.

Swali lake limenifurahisha. Hapa madereva tunalijadili sana, kila mmoja na nchi yake.

Mimi naanza na Botswana. Ukivuka lile daraja la Kazungula unaona nchi imetulia. Ng'ombe wao wanavuka barabara polepole, na gari zote zinasimama, na hakuna anayepiga honi. Nilisimama pale nikafikiri, hawa ng'ombe wanaheshimiwa kuliko diwani wetu. Watu hawaulizi maswali. Unanunua mkate, unaambiwa asante, basi.

Malawi naipenda kwa samaki na kwa wanawake wa Karonga wanaokucheka ukikosea kuhesabu chenji. Kongo naipenda kwa muziki, ingawa pale Kasumbalesa unaweza kuzeeka huku injini ikiwa moto. Kuna mwenzangu alinyoa ndevu alipoingia foleni, alipotoka mkewe hakumjua.

Lakini ningetakiwa kutaja moja, ningetaja Namibia. Walvis Bay kuna ukungu asubuhi mpaka huoni kioo chako cha pembeni, na nyuma yake kuna mchanga tu, milima ya mchanga. Upepo unaihamisha. Ukilala leo kilima kiko kulia, wiki ijayo kimesogea. Naipenda kwa sababu ardhi yake haishiki kitu. Huwezi kukanyaga mtu bila kujua, wala kuchukua kisicho chako.

Mwambie Mama hiyo ndiyo nchi yangu.

Kuhusu saruji, naomba msifanye haraka. Bei ya mfuko imepanda, na mvua haziko mbali. Ngojeni mwakani.

Mdogo wako,
Gibson


Itaka
2 Septemba 2024

Gibson,

Nimemsomea Mama barua yako mara mbili. Alicheka ulipotaja diwani. Mwishoni aliuliza: "Na Zambia?" Nikaitafuta. Haimo.

Nilifundisha jiografia pia, mwalimu wa somo hilo alipokuwa mgonjwa. Hakuna lori linalotoka Tunduma kwenda Botswana, Kongo au Namibia bila kupita Zambia, isipokuwa kama mwajiri wako amewafungia mabawa. Umeandika kurasa tatu za nchi unazozipenda na kuiruka nchi unayoikanyaga kila safari, nchi alikofia ndugu yako. Huko si kusahau. Ningempa mwanafunzi sifuri na kumwita baba yake.

Bei ya saruji nimeiuliza mwenyewe Mlowo. Haijapanda.

Sasa nitakueleza lile jambo nililoshindwa kuliandika tangu Machi, kwa kuwa naona kila mmoja wetu ameficha chake.

Mama anasema aliyelala pale si Yesaya. Alianza kabla ya Pasaka. Kila alasiri, kivuli cha mti wa kahawa kinapofika kwenye kaburi, anasema kuna mtu anayesimama pale na kumsalimu. Nilimwuliza anasalimu vipi. Akasema: "Mwapoleni, mukwai." Nilimwambia hiyo ni salamu ya Wabemba. Akajibu kwamba yeye hajui ni ya nani, ila ni salamu ya mtu aliyelelewa vizuri, na kwamba Yesaya hakuwahi kumsalimu kwa adabu namna hiyo hata alipokuwa hai.

Nimejaribu kulieleza kwa akili. Katika ujana wake Mama aliuza karanga Tunduma na huenda neno hilo lilibaki masikioni. Mchungaji amekuja kuomba. Mganga wa zahanati amempima presha. Bado kila siku, muda uleule, Mama anajifunga kanga vizuri kama mwenye mgeni, anaitikia, kisha ananigeukia na kusema: "Anauliza njia."

Mimi sisikii chochote. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiwe uliyemleta.

Ulimleta nani?

Anyosisye


Tunduma
28 Septemba 2024

Kaka,

Barua yako nimetembea nayo mpaka Lubumbashi na kurudi. Sikuijibu nikiwa huko. Nimeona niijibu nikiwa upande wetu, angalau nikiwa muoga niwe muoga nyumbani.

Unakumbuka ule mwaka wa korona. Yesaya alikwenda Mpika kununua maharage, akaugua, akafa, akazikwa siku ileile bila ndugu, kama walivyozikwa watu wengi wakati ule. Mpaka ukafungwa kwa abiria. Tukaruhusiwa madereva tu. Ukoo ukakaa, mkasema Gibson atachota udongo wa kaburi, aje nao, tumzike kwa desturi yetu. Mkanipa kitambaa cheupe. Mkanikumbusha nisikiweke chini mpaka Itaka, na kila nikifika kwenye daraja nimwambie kwa jina kwamba tunavuka, kwa sababu asipoambiwa hubaki ng'ambo.

Kaka, mlinipa kila kitu isipokuwa muda. Tulikuwa tunasindikizwa na askari, malori kumi na manne. Niliwaomba mpaka wakanipa dakika kumi. Nilikimbia makaburini. Mlinzi alisimama mbali, amefunga mdomo kwa kitambaa, hakutaka nimsogelee. Nikapaza sauti nikataja jina la Yesaya na tarehe. Akanyoosha mkono: yale mawili ya mwisho. Makaburi mawili mapya, yamebanana, kila moja na kigingi, na juu ya kigingi namba ya mkaa iliyokwisha kufutika. Nikauliza ni lipi kati ya hayo. Akainua mabega.

Honi zikaanza kulia barabarani.

Tulipokuwa watoto tulilala mkeka mmoja, wewe mlangoni, mimi katikati, Yesaya kulia kwangu. Nikachota la kulia.

Nikajiambia nimepatia. Nikambeba mapajani zaidi ya kilomita mia tatu. Katika kila daraja nilimwambia, "Yesaya, tunavuka." Hata vile vikaravati vya maji ya mvua, sikuviruka, nilisema. Mlimpokea kwa nyimbo. Wewe ulisoma sala.

Miaka miwili baadaye njia zilipofunguka, nilisimama Mpika nimpandie Yesaya msalaba. Mlinzi akaniletea daftari. Yesaya yupo kushoto. Wa kulia ni mtu wao wa palepale, jina lake Chanda.

Nilikuwa nikimwita mtu kwa jina lisilo lake, naye akafuata.

Sikuthubutu kuwaambia. Kila mwaka nilisema mwakani. Siwezi kulala Itaka kwa sababu dirisha la chumba changu linatazama pale. Naomba usijenge kwa saruji. Usimlaze Mama ubavuni mwa mtu asiyemjua.

Gibson


Itaka
6 Oktoba 2024

Gibson,

Nimeisoma barua yako. Nitakuwa mfupi.

Nilisimama mbele ya ukoo mzima na waumini wa Itaka, nikasema, "Ndugu yetu amerudi." Nina miaka sabini na mmoja. Sijawahi kuita watu wazima pamoja na kuwaambia kwamba niliwaliza juu ya mgeni.

Udongo ni udongo. Yesaya yuko mikononi mwa Mungu, wala Mungu hamtafuti kwa kigingi. Mama akijua, moyo wake hautastahimili; mganga amenionya waziwazi. Kwa hiyo hatajua. Fundi Jofrey anaanza wiki ijayo. Jina litakaloandikwa ni Yesaya.

Barua yako nimeifungia ndani ya Biblia. Usiandike nyingine juu ya jambo hili, na usimwambie mtu.

Anyosisye


Tunduma
11 Oktoba 2024

Kaka,

Nisamehe, nimekukaidi. Umezoea.

Kama ingekuwa sisi tu, ningenyamaza. Ningeendelea kuegesha mbali na Itaka mpaka nistaafu. Lakini kuna nusu ya habari sikuiandika.

Siku ile mlinzi aliponionyesha daftari, alikuwepo mwanamke anang'oa majani kwenye kaburi la Chanda. Anaitwa Mercy. Ni mkewe. Sasa anauza viazi vitamu kando ya barabara kuu, chini ya turubai la bluu, na si kwa kupenda. Wiki ile tuliyopita sisi, shemeji zake walikuja kaburini wakakuta limechimbwa kiganja kizima cha udongo. Kwao hakuna kuleta mtu nyumbani kwa udongo. Kwao anayechota udongo wa kaburi ni mchawi, anakwenda kumtumikisha marehemu. Mlinzi, kwa kuhofia kazi yake, akasema hakuona mtu. Wakauliza nani alijua kaburi lingekuwa bila mtu saa ile. Wakasema ni mke, amemuuza mumewe. Wakamtoa nyumbani. Wakamkataza hata kukaa na mama mkwe wake, ambaye Mercy ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha.

Haya alinieleza mwenyewe, huku ananichagulia viazi. Hajui ni mimi. Aliniona nimeinama akanionea huruma, akadhani nimefiwa na mke. Akaniambia, "Wewe Mtanzania una moyo, wengine hununua na kuondoka."

Mama aliuliza ni nchi ipi ninayoirudia. Ni hiyo, Kaka. Botswana na Namibia ni maneno ya kumchekesha mzee. Kila safari, kwenda na kurudi, nasimama Mpika. Nanunua viazi hata kama tela lina viazi vya safari iliyopita vimeota. Namuuliza, "Shemeji zako wamesemaje?" Anajibu, "Bado, mukwai," kwa lile neno lao la heshima. Naondoka. Napita madaraja yale na mdomo unafunguka wenyewe, sijui namwita nani.

Mwezi jana nilimuuliza nini kitamsafisha. Alifikiri, akasema kama aliyechukua angeurudisha mchana, mbele ya wazee wa Chanda, na wazee wa kwao aliyechukua wakasema ulikwenda kufanya nini. Kisha akacheka, akasema, "Mchawi gani ana wazee?"

Mimi ninao. Mmoja wao ndiye anayeisoma barua hii, naye anaandika vizuri kuliko wote.

Ukisema udongo ni udongo, mwambie Mercy.

Gibson


Itaka
23 Oktoba 2024

Mdogo wangu Gibson,

Barua yako ya tarehe kumi na moja ilifika fundi Jofrey akiwa amekwisha kumwaga kokoto. Niliisoma nimesimama. Nikaisoma tena nimekaa. Nilipoinua kichwa mara ya nne, Mama alikuwa amesimama mbele yangu na mkongojo.

"Barua ya Gibson inasemaje?"

Nikasema hajambo.

"Kama hajambo, mbona kila ukimaliza ukurasa unatazama kaburini?"

Nilifungua kinywa nimdanganye, Gibson. Maneno niliyatayarisha. Yalikuwa sahihi yote, na sikuweza kuyatamka. Nikamwambia Jofrey aende akanywe chai, nikamweleza Mama kila kitu, tangu dakika zako kumi hadi turubai la bluu. Nilimshika mkono wakati wote nikihesabu mapigo.

Nilipomaliza, uji wake ulikuwa umeganda juu. Kisha akauliza, "Ana mke?"

"Anaye. Mercy."

"Na yeye mwenyewe, jina lake?"

"Chanda."

Akainuka. Akaenda hadi pale, nami nyuma yake kama mtoto anayejifunza kutembea. Akasema, "Chanda, baba, utusamehe. Tulikuita vibaya miaka yote na wewe ukatusalimu vizuri." Akarudi akaagiza uji mwingine, kwa kuwa ule ulikuwa wa baridi. Alikunywa wote.

Tangu siku hiyo hajasikia salamu. Ningependa kuishia hapo. Lakini nimekutaka useme kweli, kwa hiyo nami nitasema. Alhamisi alasiri nilikuwa peke yangu nikipindua kahawa ya mwisho kwenye meza za kuanikia. Mtu alisema nyuma yangu, karibu kabisa, kwa upole: "Mwapoleni, mukwai." Sikugeuka. Niliendelea kupindua kahawa iliyokwisha kupinduliwa. Sijamwambia mtu yeyote isipokuwa wewe, na sitalieleza kwa akili.

Nimemlipa Jofrey siku zake, nimeng'oa vigingi. Jumamosi niliwaita wazee wa ukoo. Niliwaambia nilichokisema mwaka ule hakikuwa kweli, ingawa sikujua. Mzee Alinanuswe aliniuliza kwa nini mwalimu mzima hakusahihisha kazi ya mdogo wake kabla ya kuisoma mbele ya darasa. Watu walicheka. Nilistahili. Wamekubali: wanaume watatu, mimi nikiwa mmoja, tutaufukua udongo huo mchana, tutaufunga katika kitambaa kipya, na kuupeleka Mpika. Nitasimama mbele ya wazee wa Chanda na kueleza tulikuwa tukifanya nini, na kwamba mke wake hakujua lolote. Kisha tutaomba ruhusa ya kuchota wa kushoto. Wakikataa, Yesaya atabaki, nasi tutakuwa na kaburi la kwenda kulitazama. Mercy usimwambie kitu mpaka tufike. Amesubiri kusafishwa na wazee. Asisafishwe na dereva kando ya barabara.

Hayo yamekwisha kuamuliwa. Lililobaki ni hili.

Mama anataka kwenda. Hajawahi kuvuka mpaka maisha yake yote. Anasema udongo huu ulikaa uani mwake miaka minne, na mgeni hasindikizwi na watumwa wa nyumba wakati mwenye nyumba amelala. Anataka yeye ndiye amtajie Chanda jina lake katika kila daraja, kwa kuwa sauti yetu, anasema, ndiyo iliyompoteza. Amekwisha kupigwa picha ya hati ya kusafiria pale Mlowo. Imelda ananiambia alimfokea mpiga picha kwa kumwambia atabasamu.

Mganga anasema hatafika. Anasema kwa namna barabara ilivyo na moyo wake ulivyo, huenda akafia kabla ya Mpika, na unajua mwenyewe mtu akifia ng'ambo mambo yanavyokuwa. Nimewaza kuondoka alfajiri bila yeye. Lakini amesema nikifanya hivyo hatakula mpaka nirudi, na mama yetu hajawahi kutishia jambo asilolitenda. Nikimchukua, huenda nikamzika mahali ambapo hatukuchagua. Nikimwacha, huenda nikamkuta amekwisha kuzikwa. Nimekaa na jambo hili siku nne. Mwanzo niliona ni lazima nimkataze, kwa kuwa mimi ni mkubwa. Jana nilimkuta ameketi barazani, amevaa viatu vyangu vya kanisani, anajizoeza kutembea navyo, kwa kuwa vyake, alisema, havifai kwa nchi ya watu. Sikuweza kumwambia avivue.

Egesha lori lako Tunduma, tukuchukue hapo twende pamoja. Mwombe mwajiri wako siku. Nikishaamua nitakuandikia, na barua nitaipeleka mwenyewe kwa Imelda ili isichelewe. Usivuke kabla haijakufikia.

Kaka yako,
Anyosisye